Pale Maji Yanapoonyesha Chini

Kitinda mimba wetu,

Umeniuliza wewe na mumeo mkija kisiwani mkazamie wapi. Roho haitulii, barua mbili nimeshazichana.

Ya kwanza niliwaelekeza kusini, kwenye ukuta wa matumbawe, penye samaki wakubwa kama milango. Nikaichana, maana mkondo wa kule haujui shemeji wala mgeni. Ya pili nikasema mashariki. Kule nako kina ni kirefu, na mumeo mtungi wa hewa kauona pichani tu.

Basi njooni kaskazini, penye kasa. Najua utanuna: "Kaka, huko si kwa watoto?" Nuna tu.

Mama usimwambie. Ngoma ya sikio langu la kushoto imepasuka. Daktari amenikataza kuzamia, na nilipomuuliza mpaka lini, akaanza kupanga kalamu zake mezani. Mtashuka na mwenzangu wa kazini, ni hodari. Mimi nitabaki kwenye boti nikifuata mapovu yenu kwa macho, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu wangu.

Kaskazini maji ni meupe mpaka mchangani. Nitawaona.

Kaka yako,
wa juu ya maji