Pepeta Yetu Vitani

Magomeni,
Kilosa.
16 Septemba 1979

Kwa dada yangu Sikuzani,

Shikamoo dada. Naandika nikiwa barazani kwangu, mzima wa mwili, na naomba Mungu barua hii ikukute na wewe mzima pamoja na shemeji na watoto hapo Kigogo. Goti lako linaendeleaje? Mtu aliyetoka Dar es Salaam alituambia siku hizi unakwenda sokoni bila fimbo, tukafurahi sana. Huku kwetu vumbi ni jingi, mto Mkondoa umepungua maji, lakini mahindi yamo darini na hatuna njaa. Sabuni ndiyo shida. Tunafulia majani ya mpapai, na kanga ile nyeupe uliyoniletea imekuwa na rangi isiyo na jina.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata. Uliniuliza kama nakula. Sikukujibu, dada yangu, kwa kuwa sikutaka kukuongopea. Leo naweza kukujibu, ila kwanza nikusimulie yaliyotokea Mikumi wiki iliyopita.

Wewe ulimlea Kibwana wangu nilipokuwa mgonjwa, kwa hiyo unajua alivyokuwa na njaa. Alikuwa mtoto wa kuvumilia kila kitu isipokuwa tumbo tupu. Nikitwanga pepeta ikiwa moto, alisimama karibu na kinu amekinga kiganja, anaokota punje zilizoruka, anazipuliza hata kama zimeshapoa. Walipokuja wale wanajeshi wawili na mjumbe wa nyumba kumi kunipa habari kwamba ameanguka huko kaskazini mwa Uganda na amezikwa hukohuko kwa heshima, niliwauliza swali moja tu: je, siku ile alikuwa amekula? Walitazamana. Yule mkubwa akasema kwa upole kwamba wao hawakuwepo. Majirani wakadhani msiba umenichanganya akili.

Lakini mimi nilikuwa na sababu. Siku alipoondoka na wenzake wa mgambo, hapa stesheni ya Kilosa, nilimshika mkono nikamwambia asije akala nyama ya kopo ambayo haijulikani imechinjwa na nani. Akasema, ndiyo mama. Unajua hakuwa mtoto wa kusema ndiyo halafu akafanya vingine. Basi tangu siku ya habari ile, kila tonge nililolipeleka mdomoni lilinirudisha kwenye neno lile. Nilijiuliza kama mwanangu aliingia kwenye risasi na tumbo tupu kwa kunitii mimi. Tonge likawa linakwama. Nilikuwa nakunywa uji kidogo ili nisimame, basi.

Hitima ilisomwa na matanga yakaanuliwa, lakini moyoni kwangu hayakuisha. Kaburi sikuliona. Na mtani hakuja hata mmoja. Unakumbuka alipokufa baba, walivyoingia wale Wanyamwezi wa reli wakiimba kwamba mzee amekufa ili akwepe kulima, wakatwaa sufuria ya wali jikoni wakakimbia nayo, mpaka mama akacheka huku machozi yanamtoka? Msiba wa Kibwana haukupata hayo. Watu walikaa wameinamisha vichwa, wakaenda zao wameinamisha vichwa.

Sasa, mwanzoni mwa mwezi huu alikuja Mama Anastazia wa UWT akasema msafara wa askari wetu wanaorudi na ushindi utapita Mikumi kuelekea Iringa na mbele, na akina mama wa Kilosa tunatakiwa tukawasaidie wa Mikumi kupika. Nilikataa. Akaniambia kwamba sisi tuliotwanga pepeta ya askari ndio hasa tunaopaswa kuonekana. Hilo sikuwahi kukuandikia vizuri. Mwezi wa nne, mpunga ulipokuwa haujakauka, kijiji kilitakiwa kuchangia chakula cha vita. Wengine walitoa ng'ombe, wengine unga. Sisi tukavuna ule mpunga mbichi, tukaukaanga vyunguni, tukautwanga ungali moto mpaka ukawa bapa, tukaupepeta, tukajaza magunia. Tulitwanga tukiimba, mikono ikatoka malengelenge, na Kibwana wangu wakati huo alikuwa hai. Magunia yakapanda treni, nasi hatukusikia tena habari zake.

Nikakubali kwenda. Sikwenda kwa ajili ya kuonekana. Nilikwenda na swali langu.

Dada, Mikumi siku ile ungeipenda! Barabara kuu ilijaa watu pande zote mbili, wenye malori ya mizigo wameegesha na kupanda juu ya maboneti, watoto wa shule na vibendera. Nyani wa mbugani nao walikuwa wamekaa kando wanangoja lao, na mmoja akaiba fungu zima la ndizi za kamati, Mama Anastazia akamfukuza kwa mwiko huku akimwita kabaila. Magari ya jeshi yalipotokea, vigelegele vilivyopigwa sijapata kuvisikia, hata siku ya uhuru. Vijana wamekonda, wamebabuka jua, wanacheka meno yote nje. Tuliwapakulia pilau kwenye sinia na kila wakishukuru sisi tunapiga kigelegele kingine. Na mimi nilipiga. Nilijisikia fahari, dada, siwezi kuficha. Walikuwa wameshinda na walikuwa wa kwetu.

Huku nikipakua nilikuwa nauliza kila mmoja kama alimjua Kibwana wa Kilosa. Wengi walitikisa kichwa kwa huruma. Ndipo nikasikia sauti nyuma ya mstari ikipaza: "Wako wapi wale Wasagara waliotuletea chakula cha kuku vitani?"

Nikageuka. Alikuwa koplo mmoja mrefu, mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Akina mama wa Kilosa wakamvamia kwa maneno, nani kaleta chakula cha kuku, akasema yeye ni Mnyamwezi wa Sikonge na kwa mtani hana haja ya adabu. Jina lake Cleopa. Akaanza kutusimulia, na wenzake wakawa wanadakia.

Alisema vitani chakula chao kilikuwa biskuti ngumu ambazo walizibatiza matofali, kwa sababu ukitaka kuila lazima uigonge kwanza kwa kitako cha bunduki. Kulikuwa na nyama ya kopo, maziwa ya unga na sukari. Kuna siku waliletewa unga wa mahindi mahali ambapo hawakuruhusiwa kuwasha moto, maana moshi ungewaonyesha kwa adui, wakawa wanauramba mkavu kama watoto wanaoiba ghalani. Halafu yakafika magunia yetu. Mpishi wao alikuwa mtu wa Mbulu, hajapata kuiona pepeta tangu azaliwe. Akadhani ni mchele uliokanyagwa na gari, akaupeleka nyuma kwenye majiko akauchemsha saa nzima. Ukawa gundi. Kikosi kizima kikawatukana watu wa mkoa wa Morogoro, wakasema hawa wametutumia dawa ya kubandikia mabango.

Cleopa akasema mtu mmoja tu alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa kijana wa Kilosa. Akafungua gunia jingine, akatia pepeta kwenye kofia yake ya chuma, akanyunyizia maji ya baridi na sukari, akala mbele yao. Wakaionja. Tangu saa hiyo hakuna aliyetaka matofali tena. Walitembea na pepeta mifukoni, wanatafuna huku wanasonga mbele, hakuna moto, hakuna moshi, na yule kijana wakamwita Bwana Pepeta. Askari waliomzunguka Cleopa wakapiga makofi wakiliita jina hilo kwa pamoja, Bwana Pepeta! Bwana Pepeta!, na akina mama wakajibu kwa vigelegele bila kujua wanamshangilia nani.

Mimi nilijua. Nilimwambia Cleopa kwamba huyo ni mwanangu.

Wenzake wakavua kofia. Nikamwuliza habari ya nyama ya kopo. Akasema Kibwana hakuigusa kamwe. Kila kopo alilopewa alilibadilisha kwa biskuti na maziwa, na aliyebadilishana naye ni yeye Cleopa, kwa kuwa ni Mkristo na haimsumbui. Basi moyo wangu ukatulia kidogo. Nikauliza lile swali langu, nikisema aniambie kweli hata kama ni chungu.

Akasema amekuwa akiomba asikutane nami, na papo hapo amekuwa akinitafuta. Asubuhi ile walikuwa wamekaa handakini karibu na mto. Kibwana alikwisha kula pepeta yake yote. Cleopa alikuwa ameiweka yake kwenye mkebe ili aile baadaye. Kibwana akampokonya, kama mtani anavyompokonya mtani, akageukia ukutani, akaanza kuibugia, mashavu yamemjaa, anacheka. Cleopa akampiga ngumi mgongoni, akamtukana kitukano chao cha siku zote: "Kula, Msagara we, ufe umeshiba!" Wenzao wakaangua kicheko. Kibwana akajiramba vidole, akamrudishia mkebe mtupu, akamwambia asante, shemeji, mwambie na mke wako aje atwange. Amri ya kuondoka ikaja wakati huohuo. Hawakufika mbali.

Cleopa akasema hilo ndilo neno lake la mwisho kwa rafiki yake. Kwamba amemwapiza mwanangu kifo, na kifo kikasikia. Mtu mzima, koplo wa jeshi, akalia mbele ya wenzake na sahani ya pilau mkononi.

Nilisimama pale na upawa wangu. Kitu ambacho yeye alikibeba kama jiwe kutoka Uganda, kwangu kilikuwa kama maji. Alikuwa ameshiba! Mwanangu alishiba, tena mgao wa watu wawili, tena akicheka, tena bila kuvunja neno langu. Na pepeta yenyewe ilitoka kwetu. Wala sikutaka kujua kama ni ya kinu changu au cha jirani, yote ni mikono yetu.

Kumsamehe sikujua nimsameheje, maana hakuna kosa. Nikaona nimjibu kwa lugha aliyoiweza. Nikamwambia, "Mnyamwezi mchoyo wewe, umeficha chakula mkebeni mpaka mwanangu akakuibia! Ungempa mwenyewe, ungepungukiwa nini?" Watu wakashtuka. Luteni mmoja, nadhani alikuwa mtu wa pwani ya mbali, akataka kuingilia, Mama Anastazia akamvuta shati akamwambia awaache, hao ni watani. Cleopa akanitazama. Akaona nacheka. Naye akacheka, makamasi na machozi pamoja, akasema kumbe wizi ni wa ukoo, mama mtu ndiye mwalimu.

Nikaipokonya sahani yake. Nikakaa chini palepale kwenye majani, kando ya barabara kuu, mbele ya jeshi zima, nikala pilau ya Cleopa mpaka punje ya mwisho. Alisimama juu yangu akinitukana, eti nisimalize nyama, eti Wasagara hatuna aibu, na askari wakawa wanapiga makofi kila ninapotia tonge. Sikuona tonge hata moja likikwama.

Walipopanda magari, Cleopa alininyang'anya upawa akaondoka nao juu ya lori akiupunga kama bendera ya ushindi. Ulikuwa wa UWT. Mama Anastazia alilikimbiza lile lori mpaka kwenye mzani wa malori akidai mali ya umma, na sisi tulicheka tukashikana mbavu. Hapo, dada, ndipo matanga ya mwanangu yalipokwisha.

Basi jibu la swali lako ndilo hilo. Nakula. Jana nimekula ugali na mlenda, nikaongeza, na leo mchana nimemtuma mtu aninunulie samaki.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na umwambie mama Raheli wa jirani yako kwamba mbegu za bamia ziliota. Goti ulikande kwa maji ya moto. Wote wa huku wanakuombea heri.

Mimi ni mdogo wako akupendaye,
Joha