Jino la Riziki Kabla ya Ramadhani

Makorora, Tanga
Jumamosi, mwishoni mwa Shaaban

Dada Mwanahamisi,

Jana asubuhi dresa wa hospitali alisema gego la mwanao Riziki limeoza mpaka kwenye mzizi, na usaha umekwisha kuingia kwenye fizi. Ni gego la chini, upande wa kushoto. Lako lilikuwa hilohilo. Sikumwuliza kama hilo lina maana yoyote. Nilimwuliza litang'olewa lini.

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumweleza yote. Wifi yako Tatu anayajua nusu. Riziki sitaki ayajue zaidi ya haya aliyonayo.

Tangu tulipokuzika yuko kwangu. Chumba chako cha Nguvumali amekipanga mtu mwingine. Mtoto alikuja na sanduku, mkeka na sinia yako ya tambuu, na miezi ya mwanzo hatukuona kitu. Anapika, anafagia, anacheka na wifi yako. Kisha Tatu akaanza kuona madoa mekundu kwenye majivu ya jikoni kila asubuhi, na Riziki ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyazoa. Tatu alidhani ni mate ya tambuu. Wiki iliyopita aliinama akayatazama vizuri, akaja kuniita.

"Hii si tambuu, baba Sefu. Nani anatafuna tambuu alfajiri?"

Nilimwuliza Riziki. Akajibu ameinamisha kichwa: "Ni fizi tu, mjomba. Nikipiga mswaki zinatoka damu, basi nikauacha mswaki. Sasa zinatoka zenyewe. Hata mama alikuwa hivihivi."



Nimejaribu kuyapanga ya Ramadhani iliyopita kama yalivyotokea, na mengine hayapangiki kwa sababu ulituficha. Ninayoyajua ni haya. Fizi zako zilianza kutoka damu mwezi wa Rajabu. Ramadhani ilipoingia ukahofu kumeza damu na kuiharibu saumu, ukaupachika mswaki juu ya dirisha na hukuugusa tena, mchana wala usiku. Usiku ungeweza, dada. Hakuna aliyekuzuia usiku. Lakini ulikuwa unachoka. Unafuturu kwa tende na kaimati, daku unakunywa uji wa sukari, unarudi kulala na utamu wote mdomoni, hata maji ya kusukutua hukutia. Kumi la pili maumivu yakaanza. Ukabana karafuu kwenye jino, ukanyamaza.

Nilikuja alasiri moja nikakukuta shavu limejaa. Nikakutania kwamba umeficha tende mchana wa Mungu. Ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo: "Nyamaza we, mfungaji wa kutazama saa!" Halafu ukaniambia linauma. Nami nikakujibu: "Vumilia, dada. Idi iko karibu. Idi ikipita nitakupeleka hospitali."

Nilisema hivyo mimi. Hakusema mtu mwingine.

Siku ya tatu baada ya hapo uvimbe ulishuka chini ya taya. Siku ya nne sauti yako ilikuwa nzito, kama mtu anayesema na chakula mdomoni, na kinywa hakifunguki. Siku ya tano hukuweza kumeza mate yako. Tulipokufikisha hospitali ulikuwa huwezi kulala chali. Idi hukuiona.

Baada ya matanga nilimwendea mwalimu anayesomesha watoto mtaani kwetu, nikamwuliza habari ya mswaki na saumu. Alinijibu bila kufungua kitabu: "Kabla ya adhuhuri apige atakavyo. Baada ya adhuhuri tunaona ni karaha, lakini saumu haiharibiki. Damu aiteme, asukutue. Baada ya futari nani amemkataza? Nani alimwambia aache mwezi mzima?" Nikamwambia hakuna. Ndivyo wafanyavyo wengi hapa, kila mtu akidhani mwenzake amemwuliza mwalimu.

Jibu hilo nilikuwa nalo karibu mwaka mzima. Sikumwambia Riziki. Niliona ni jambo lililokwisha.

Sasa nyumba imebadilika. Kila mtu ana mswaki wake wa mti na hapana kuazimana. Ncha ikichakaa tunaikata na kutafuna mpya mpaka ilainike. Asubuhi unapigwa, na kabla ya kulala unapigwa, mpaka magego ya nyuma, na kwa ndani upande wa ulimi, ambako Riziki anasema hakujua kama huwa panasuguliwa. Tukimaliza kula tunasukutua. Tatu ameifunga sinia yako kwenye kanga na kuiweka juu ya kabati. Ananung'unika, kwa sababu naye ni mtafunaji. Juzi usiku alinishika mimi nakwenda kulala bila mswaki, akaniambia mbele ya Riziki: "Rudi uani, mzee. Sheria umeitunga mwenyewe." Riziki alicheka, kisha akashika shavu.

Dresa alimwambia neno moja ambalo natamani ungelisikia: "Fizi inayotoka damu ndiyo inayotaka kusafishwa. Polepole, lakini kila siku. Ukiiogopa, inaoza kimya." Alimwelekeza asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na akampiga sindano ya kwanza. Jino hawakuling'oa hapohapo. Wanataka uvimbe upungue, na daktari wa meno yuko safarini mpaka Jumatatu.

Haujapungua. Leo asubuhi, aliporudi kwa sindano ya pili, dresa alimpapasa chini ya taya mara mbili. Mara ya pili alichelewa kuondoa vidole. Nilimwuliza anaonaje. Akasema, "Tutaona," akaandika kitu kwenye karatasi. Tulipokuwa tunatoka akaniita pembeni: uvimbe ukishuka shingoni, au akishindwa kumeza, nimlete saa hiyohiyo, nisingoje Jumatatu.

Njiani Riziki aliniuliza: "Mjomba, kwani tusingoje Idi ipite? Nitafungaje na kidonda mdomoni?" Sasa anasema meno yamebanana. Nilimwambia siku atakazokula atazilipa Ramadhani ikiisha, na mwalimu atamwambia vivyo hivyo. Hajui kwamba maneno hayo ya kungoja Idi ni yangu.

Mchana huu amekunywa uji nusu bakuli. Amemeza. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Mungu akurehemu, dada, na akuondolee maumivu yale. Kusamehewa sikuombi kwa barua. Ninalokuahidi ni kwamba katika nyumba hii hakuna mtu atakayeambiwa tena avumilie jino mpaka sikukuu, na mwanao sitamwacha peke yake kwenye benchi la hospitali. Kesho ni sindano ya tatu. Mwezi unatazamwa Jumatatu magharibi. Jino linang'olewa Jumatatu hiyohiyo, saa mbili asubuhi.

Mdogo wako.