Bunduki Kando ya Kikombe cha Akimana

Isipingo, Durban,
Tarehe 14 Septemba 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Peguy,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe na mkeo Joséphine na mtoto wenu Akimana. Mnalala vizuri huko Kentaki? Mnakula chakula au mnakula vile vitu vya kwenye maboksi? Lile jino la Joséphine limepona? Sisi huku tuko wazima. Goti langu la kushoto linauma mvua ikikaribia, na la kulia linauma ili lisiachwe nyuma, lakini kanisani ninafika kwa miguu yangu mwenyewe, na njiani ninawapita wasichana waliovaa viatu virefu.

Usicheke mwandiko wangu. Masista walinifundisha mpaka darasa la nne, na ikatosha. Kuna vijana wamepanga vyumba kule Glenwood, wanasoma university, na hawajui kumwandikia mtu salamu. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, lakini najua zile sauti zangu unazisikiliza ukiwa unaendesha gari, tena unazipeleka mbio mpaka nasikika kama kuku. Karatasi utaisoma ukiwa umekaa. Kaa basi.

Picha zako zimefika. Larissa, binti wa shangazi yako Marcelline, alinionyesha zote kwenye simu yake alipotoka saluni. Nimeona gari. Nimeona majani mliyokata mbele ya nyumba, mazuri, ingawa sijui mnayakata ya nini na hamna mbuzi. Nimekuona na wewe: miwani nyeusi, glavu zisizo na vidole, fulana yenye mifuko kila mahali, na bunduki ndefu yenye darubini juu. Umependeza, sikatai. Umefanana na marehemu babu yako siku aliponunua baiskeli, akaivalia koti na tai.

Halafu nikaona ile picha ya mwisho. Akimana yuko mezani anakula uji, anacheka, na kando ya kikombe chake iko bastola. Imelala pale kama kijiko. Nikamwambia Larissa aikuze. Akaikuza. Nikamwambia aikuze tena. Peguy, kati ya mkono wa yule mtoto na ile bastola ungeweza kuweka mkate mmoja tu.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Nitarudi hapo, usifikiri nimesahau. Lakini nikianza kukugombeza sasa utaikunja, kwa hiyo kwanza nikupe habari za huku.

Tonton wako Ruphin, mume wa shangazi yako, ulimjaza maneno kwenye simu. Ulimwambia kwamba huko kwenu bunduki ni haki ya mtu, kwamba unaingia dukani asubuhi na mchana umetoka nayo, na mwanaume asiye nayo ni kama nyumba isiyo na mlango. Yeye wakati huo walikuwa wamemvunjia duka lake la simu karibu na stendi ya taxi, masikio yalikuwa wazi. Akatangaza wakati wa chakula kwamba naye atanunua. Marcelline aliacha kula. Mimi niliendelea, samaki alikuwa mzuri, lakini nilimuuliza kama tulitembea msitu wote ule wa Kongo kukimbia bunduki ili tuje kuipangishia chumba.

Akasema, "Mama, zile zilikuwa za waasi. Hii itakuwa ya sheria."

Ya sheria kweli. South Africa si Kentaki, mjukuu wangu. Huku kwanza uwe na karatasi za kukaa daima, ambazo Ruphin anazo. Halafu unakaa darasani kama mtoto, unafanya mtihani wa sheria, unapiga shabaha mbele ya mwalimu. Polisi wanachukua alama za vidole. Lazima ununue kofre, ile sanduku nzito ya chuma, uifunge ukutani kwa bolti, na wao waje kuitazama na kuuliza watu wa nyumbani tabia yako. Ruphin alisoma zile sheria kwa sauti jikoni mpaka mimi ninayepika nikazijua kuliko yeye. Mtihani alipita. Mimi ningepita kabla yake, lakini hakuna aliyeniuliza.

Sasa sikiliza upumbavu wetu sisi Wakongomani. Kofre ilipofika ilifungwa chumbani mwangu, kwa sababu ukuta wangu ndio wa matofali, nyingine ni mbao tu. Sawa. Lakini unajua kwetu mtu hawezi kununua kitu kikubwa bila kukiombea. Gari linaombewa, frigo inaombewa. Ruphin akaita pasta, kwaya, na kikundi cha mama wa maombi. Watu wakajaa mpaka kwenye ngazi. Wakaimba, wakapiga makofi, pasta akapaka kofre mafuta, tukanywa soda na kula mikate ya mafuta. Kofre ilikuwa tupu, Peguy. Tuliimbia hewa. Na mtaa mzima, pamoja na wezi wake, ukajua kwamba nyumba ya Ruphin inangojea bunduki.

Kesho yake jirani yetu mzee Govender akaja getini. Huyu ni Mhindi wa hapahapa, tangu astaafu kazi yake ni kumwagilia maua na kujua nani ametoka saa ngapi. Tumeishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote hii. Akamwita Ruphin kando, mimi nikasogea kufagia hapo hapo.

"Niko na bastola tangu watoto wangu wako wadogo," akasema. "Ulijua?"

Ruphin akasema hapana.

"Ndiyo maana bado niko nayo."

Kisha akamweleza kwamba katika mji huu mwizi anatafuta bunduki kabla ya simu, na mtu akishajulikana anayo, watamfuata kwa ajili ya hiyo hiyo. Nilimpenda yule mzee siku ile. Baadaye aliharibu, alisimama mpaka chai niliyomletea ikapoa akilalamikia serikali: kwamba kila mara anapanga mstari kuomba upya lisensi ya kitu ambacho ni chake, kwamba wezi hawapangi mstari wowote, kwamba anayeteswa ni mtu mwaminifu. Nilimwambia mimi ni mkimbizi wa zamani, nimepanga mistari mingi kuliko yeye, na hakuna hata mmoja ulioniua. Alicheka, akaomba sukari. Lakini maneno yake mengine ni ya kweli na sikuyatupa.

Hata Deusdedit, yule Mtanzania anayelinda majumba ya matajiri kule Morningside, nilimuuliza. Yeye anapewa bunduki ya kampuni na fulana ya kuzuia risasi, nzito kama gunia la chumvi, na unajua joto la Durban. Nilifikiri atajisifu. Akaniambia saa anayoipenda katika kazi yake yote ni ile ya asubuhi anapoirudisha bunduki na kuisikia imefungiwa.

Basi siku ya polisi ikafika. Walimtuma mama mmoja, Mzulu, mnene, viatu vinang'aa. Aliipiga kofre teke, haikutikisika, akaridhika. Halafu akasema anataka kuzungumza na mimi, kwa sababu ninalala nayo chumba kimoja. Larissa akatafsiri.

Akauliza kama Ruphin anakunywa. Nikasema Fanta. Kama anapiga mke. Nikasema siku akijaribu mimi niko. Kama ana hasira. Hapo Ruphin akaanza kukohoa. Nilisema ukweli: nyumbani ni mpole, lakini taxi ikimkata kwenye robot, zile taa za barabarani, anamtukana dereva na ukoo wake wote, na siku timu yetu ilipofungwa kwa penalti alitupa rimoti ikavunja picha ya harusi yake mwenyewe. Ruphin akamwambia Larissa kwa Kifaransa apunguze. Mimi Kifaransa nakisikia.

"Larissa," nikasema, "usipunguze hata chumvi."

Yule mama polisi alicheka mpaka akashika mlango. Akaandika. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama mimi mwenyewe ninakubali bunduki ikae katika nyumba hii. Wote wakanitazama. Shangazi yako alikuwa ananiomba kwa macho niseme hapana, Ruphin ananiomba niseme ndiyo. Nikamfikiria Ruphin alivyolia kimya siku ile alipokuta duka tupu. Nikamfikiria na babu yako, na waasi waliomwua.

Nikasema, "Mwambie ni mtu mwema. Apewe. Lakini kwanza ajifunze kunyamaza, maana alialika kwaya." Na nikaeleza habari ya maombi yote.

Mama polisi akamgeukia Ruphin. Akamwambia lisensi itangoja, atafute ukuta mwingine wa kofre, ambao haukuimbiwa. Nikamuuliza nani atakaa na ufunguo, nikijua jibu ni mimi.

"Mwenye bunduki peke yake, Gogo," akasema, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi. "Si mke, si watoto."

"Na mama mkwe?"

"Hata mama mkwe."

Nilitaka kubishana. Halafu nikaona kwamba hiyo ni sheria ambayo hata mimi ningeitunga kama wangenipa serikali.

Ruphin alininunia mpaka Jumapili. Pasta alipohubiri juu ya ulimi, nilimgusa kwa kiwiko, akacheka, ikaisha. Sasa anatafuta fundi wa kujenga ukuta wa matofali mahali ambapo hataki kuniambia. Ameanza kujifunza. Kofre bado iko kwangu, nimeweka vitenge vyangu ndani, na ufunguo ninao mimi, kwa sababu vitenge havina lisensi.

Nimerudi kwako sasa. Usiniambie ni haki yako, nimeshasikia, sikukatazi. Usiniambie haikuwa na risasi, kwa sababu kila bunduki iliyoleta matanga walisema haikuwa na risasi. Usiniambie Akimana anajua kwamba haiguswi. Wewe mwenyewe nilikukataza mtungi wa asali, na nilikukuta umeingiza kichwa. Nimelea watoto saba na wajukuu ambao siwahesabu, na sijaona mtoto aliyeacha kitu kwa sababu aliambiwa. Wewe ni mtu mkubwa, unalipa nyumba, una darubini ya kuona mbali. Angalia basi karibu, kwenye meza yako.

Mama Clementina wa kanisani kwetu anakuja huko kumpokea mjukuu, binti yake anajifungua. Amekubali kukuletea kifurushi, kiko ndani ya kitenge cha Joséphine. Ni kufuli. Nilikwenda sokoni mwenyewe, nikayajaribu yote mpaka mwenye duka akaniuliza kama ninafunga jela. Larissa anasema America iko makufuli. Najua iko. Haya uliyonayo huko hujayatumia. Nunua sanduku ya chuma yenye pete, weka kufuli yangu, na picha nyingine utakayonitumia iwe ya hiyo sanduku ikiwa imefungwa. Ile ya miwani nyeusi Larissa ameitoa kwenye karatasi, nimeiweka ukutani, inatosha.

Msalimie Joséphine, mwambie kitenge kisikatwe suruali. Marcelline anakusalimia, Larissa pia, na tonton Ruphin anasema usimpigie tena simu kumpa ushauri. Mzee Govender hakujui lakini anakusalimia. Mbusu Akimana kichwani, pale nywele zinapozunguka, mwambie koko wake anasikia akicheka mpaka huku. Mungu aketi katika nyumba yenu asubuhi na jioni, na awape vitu vizuri na akili ya kuviweka mahali pake.

Mimi bibi yako akupendaye hata nikikugombeza,
Koko Nimbona.

Nimesahau. Kufuli ilikuja na funguo mbili. Mmoja umeshonwa kwenye pindo la kitenge, ni wako peke yako, utembee nao. Wa pili usiutafute kwenye kifurushi. Nimeuvaa shingoni hapa Isipingo. Nimepima, mkono wa Akimana haufiki.