Mama, Wanataka Uje Uape

Kwako Mayu, mama yangu uliyelala Songwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, na nyingine ni juu yako, kwa hiyo nivumilie kama ulivyonivumilia nilipokuwa naota meno.

Wanakutaka ofisini. Mtu wa vyeti hapa Geita ametazama cheti changu kilichoandikwa KE, akatazama ndevu zangu, kisha akasema, "Mlete mama mzazi aje aape." Nikamwambia umefariki. Akanijibu kana kwamba nimesema umesafiri: "Utaratibu unasema mama mzazi."

Hata ungekuja, ungewaambia nini? Ulinisimulia mwenyewe, siku ile tunapukuchua mahindi, kwamba jina langu lilikuwepo kabla sijazaliwa. Kulwa na Doto walishatangulia, na anayefuata mapacha ni Shija, awe nani awe nani. Bibi hakuhitaji kunifunua nguo. Lakini kliniki karani mgeni akakuuliza, "Wa kiume au wa kike?" Ukajibu, "Shija." Akauliza tena. "Shija." Alikuwa na jirani wa kike mwenye jina hilo, basi akaandika KE na kuita mwingine. Nawe ukanyamaza! Ulishauona mwili wangu, ulijua sifanani na Doto wala Kulwa, ukafunga kadi kwenye pindo la kanga ukaenda zako.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiniogesha peke yangu nyuma ya zizi, wenzangu wakirushiana maji lamboni. Ulinikausha taratibu, hata katikati ya vidole, ukisema, "Ng'wanone, mwanangu, ya mwili wako ni yetu wawili." Niliipenda siri ile nilipokuwa mdogo, nikidhani ni zawadi. Nilipofika miaka kumi na mitano, ndevu zikaanza, matiti nayo yakaanza, na wewe hukusema kitu.

Sasa sikia ya kazini. Niko kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Kazi naiweza, hata msimamizi anakiri. Shida ni getini. Jioni kila mtu anasachiwa asitoke na dhahabu, wanaume foleni huku, wanawake kule. Mlinzi wa kiume alisoma kitambulisho: "Hapa KE. Nenda kwa akina mama." Mlinzi wa kike akanitazama kidevu: "Shija gani mwanamke? Kaka yangu anaitwa Shija. Rudi huko!" Nilivuka uwanja ule mara nne jioni moja, watu wanakula miwa wananitazama. Mwishowe msimamizi akanipa wiki moja niweke karatasi sawa, la sivyo nisirudi.

Wala siombi makubwa. Kuna chumba cha walinzi pale pale, kina mlango. Ufungwe, mlinzi ninayemchagua anisachi, tumalize. Mbona inakuwa ngumu hivyo?

Hospitali nesi mmoja alinipokea vizuri. Akaniambia sipo peke yangu, na hali yangu wanaiita jinsia tata. Nikamwambia mimi nimeshajielewa, aende akawaeleze wenye fomu. Akacheka, akaniandikia barua. Mtu wa vyeti akaisoma, akaikunja vizuri, akarudia: mama mzazi.

Kwa hiyo jana nimefanya jambo ambalo ungelichukia. Foleni zimejaa, nikasimama katikati ya uwanja, nikasema kwa sauti: "Nilizaliwa na mwili wa jinsia mbili. Si laana, wala sijamwibia mtu. Nataka kusachiwa kama wenzangu niende nyumbani."

Hakuna aliyetafuna muwa. Yule mlinzi wa kike akaenda akafungua chumba. Tulipokuwa ndani akaninong'oneza, "Si ungesema toka mwanzo?"

Toka mwanzo! Mayu, neno lile lilikuwa la kuambiwa wewe, likanipiga mimi.

Cheti bado wanakidai, na wiki inaisha Jumamosi. Kesho Doto anakuja kuapa badala yako, kama watamkubali. Alikuwa na miaka minne tu nilipozaliwa, lakini aliona ulivyokuwa ukinificha. Nimemwambia wakimuuliza asijibu jina tu kama wewe. Aseme yote.

Nimekusamehe nusu. Ile nusu nyingine, ungekuja kuapa ningekupa.

Ni mimi uliyenikausha katikati ya vidole,
mwanao niliyefuata mapacha,
Shija