Baiskeli Mbili Kutoka Mlimani

Dada Neema, shikamoo.

Hapa Guangzhou, Uchina, msako wa wageni wasio na viza umezidi, soko la nguo halikaliki. Jana Patrice, Mkongo ninayeishi naye, akasema twende tukavuke vilima vya Zengcheng kwa baiskeli, kama alivyokuwa akivuka milima ya mizabibu aliposoma Ufaransa. Penye mwinuko mkali tulizikokota. Huku ni matunda ya lichi tu, matamu kushinda zabibu zetu za Dodoma.

Kule juu askari alikuwa anatupita zake. Mimi na adabu zangu za nyumbani nikamsalimia. Akageuka, akataka pasipoti. Viza yangu ilikuwa hai. Ya Patrice ilishakwisha, akamchukua. Nimeshuka peke yangu na baiskeli mbili.

Wasalimie wote, Mungu awatunze. Mimi huku kusalimia watu nimeacha.

Mdogo wako,
Elia