Folda ya Baba Nurzat

At-Bashy, 3 Oktoba

Mwanangu Nurzat,

Hujambo huko Seoul? Kikohozi kimekwisha? Huku sisi na mifugo tu wazima, ila moyo wangu hautulii.

Folda ya barua pepe za baba yako imetoweka kwenye kompyuta. Jana niliifungua ile barua yake ya mwisho, iliyokwama kwenye mtandao mbovu wa kazini kwake Yakutsk, ikaingia siku mbili baada ya habari za kifo. Mwaka mzima nilikuwa naitazama tu, maandishi yamekoza kama ya barua yoyote isiyofunguliwa, nikijiambia nitaisoma karamu ya kumbukumbu yake ikikaribia. Nikasoma mstari mmoja: "Kuhusu farasi wa kijivu..." Macho yakajaa, nikafunga. Niliporudi, folda nzima haipo.

Karamu ni Jumamosi ijayo. Baba yako mkubwa anataka achinjwe huyohuyo wa kijivu, eti kanona. Marehemu ameacha neno, nami sijui ni neno gani. Je, nimemfukuza kwa kumsoma?

Mama yako

Seoul, 4 Oktoba

Shikamoo Mama,

Nimepona, na ninakula, usianze.

Hujamfukuza mtu. Juu kabisa pana kisanduku cha kutafutia. Andika humo jina la Baba, uniambie unaona nini.

Mwanao Nurzat

At-Bashy, 5 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini umevaa soksi nzito. Nimeandika "Baba Nurzat". Hakuna kitu. Nikaandika "Mwenye nyumba". Hakuna.

Mama yako

Seoul, 7 Oktoba

Shikamoo Mama,

Nimevaa. Nimecheka mpaka wenzangu kazini wakaniuliza kulikoni. Kompyuta haimjui Baba Nurzat. Andika Jumadyl.

Mwanao

At-Bashy, 8 Oktoba

Nurzat,

Afya yako sikuulizi, maana anayecheka hivyo ni mzima.

Miaka thelathini na minne sikulitaja jina la mume wangu. Bibi yako alinikanya siku ya kwanza, ushungi ungali mpya kichwani. Ndama alipotumbukia mtoni nilisimama ukingoni nikiita, "Wewe! Wewe!" Wakaja wanaume watatu wa jirani, yeye akaja wa nne. Alinitania mpaka theluji ikaanguka. Leo niliandike kwa vidole, kwa kuwa hawezi kunisikia? Tafuta njia nyingine. Zimebaki siku nne.

Mama yako

Seoul, 9 Oktoba

Shikamoo Mama, nisamehe.

Kosa ni langu. Nilipokuja kumzika Baba, niliipanga ile orodha ya kushoto ionyeshe folda zenye barua zisizosomwa tu, usije ukachanganyikiwa. Yake ilionekana kwa sababu ya barua ile moja. Ulipoifungua, ikajificha. Bonyeza "Tazama" pale juu, kisha "Folda", uchague "Zote". Huna haja ya kuandika jina la mtu.

Mwanao Nurzat

At-Bashy, 13 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, magoti tu yananiuma, na sababu utaiona.

Alitokea. Barua zote zipo, hata ile ya mwaka wa kwanza Yakutsk, anauliza kama nimeziba paa la zizi. Ya mwisho anasema hivi: "Kuhusu farasi wa kijivu, nikichelewa kurudi usimuuze, wala usimwache anone bure. Mpande mwenyewe. Sijasahau siku ile ya mbio ulivyonipita, nikabaki nakula vumbi."

Nilimwita baba yako mkubwa asome. Akasoma mara mbili. Akasema, "Kweli ulimpita, nilikuwepo." Akatoka, akarudi anamvuta farasi wake mwekundu, achinjwe huyo. Watu wamekula, wamemwombea.

Leo nimempanda wa kijivu mpaka darajani. Majirani wamesema walichosema.

Kisha nikafanya jambo, na hili usinicheke. Nimeitia ile barua alama ya "haijasomwa", nikairudisha orodha kama ulivyoipanga. Folda yake ipo palepale, maandishi yamekoza, kama mtu ambaye hajamaliza kusema.

Ukija, usiiguse.

Mama yako