Athuman bin Hasani, Aliyegonga Mti Mara ya Pili

Wewe ni Athuman bin Hasani bin Halfani bin Msafiri. Msafiri ndiye aliyetundika mzinga wa kwanza katika miteremko ya Haubi, akauchora mikato miwili na mstari mmoja chini yake, na tangu siku hiyo alama ile haijapata kuonekana juu ya mzinga wa kuibwa. Halfani, babu yako, alisoma chuoni hadi akahitimu, na kwa miaka thelathini ameamua mashauri ya warina asali wa nchi hii. Hasani, baba yako, alikufa angali kijana, na siku ya maziko yake hakusimama mtu wa kumdai wala kumlaumu. Huo ndio mlango uliotokea wewe. Yafaa wasomao waujue kwanza, kwa kuwa yamesemwa mambo juu yako mwaka huu yasiyofanana nao.

Mwezi wa Rajabu umeandama tena, Athuman. Mwaka umetimia tangu ulipoanguka katika msitu wa kusini, ukiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na mkononi mwako hamkuwa na kitu ila shoka.

Ulikuwa mtu wa maneno machache. Ulipopanda mtini ulivua viatu hata kama gome lilikuwa na miiba, ukisema kwamba nyuki hawapendi mgeni anayepiga kishindo. Hukupata kuukomba mzinga. Nusu ya masega uliyaacha, ili nyuki wasihame. Sega la kwanza la kila msimu lilikuwa la wajane, nawe ulilipeleka mwenyewe. Asali yako ilifika Zuzu na Mvumi, na wafugaji wa Kigogo waliingoja kwa sababu hukuichanganya na maji.

Bibi yako Kuluthumu alikuita mume wake tangu ukiwa mdogo, na ulipomwoa Mwantum alimpokea mlangoni kama mke mwenza.

"Karibu, mwenzangu," alimwambia. "Mume wetu hunuka moshi, na akilala huzungumza na nyuki. Mimi nimechoka naye, zamu ni yako."

Nawe ukamjibu kuwa mke mkubwa hapewi ruhusa ya kuchoka, huongezewa asali tu. Nyumba nzima ilicheka. Kwa miezi mingi ya mwaka huu bibi yako hakumtania mtu.

Vita vya maji vilipokuwa vikielekea kwisha, wapiganaji waliosalia walijificha katika msitu mkubwa ng'ambo ya Ruaha. Serikali ya Wajerumani ikaunganisha askari wa jeshi na askari polisi wa boma, ili waende pamoja kuwasaka. Jeshi liliongozwa na shaushi, sajini aliyeletwa kutoka mbali, asiyeujua hata mti mmoja wa huku. Polisi waliongozwa na koplo wao, ombasha Abbasi, mzaliwa wa Kondoa. Walikwenda njia moja, lakini kila upande ulipokea amri zake kwa bwana wake. Na pande zote mbili zilikosa mtu wa kuwaonyesha njia.

Tarishi wa boma alifika barazani akauliza kama yuko mtu aujuaye msitu ule. Wazee wakatazama chini. Babu yako alijua kwamba ulikwenda huko misimu mitatu kununua nta. Alijua pia kwamba wazee wote wanamsikiliza, na ilimpendeza wasikie kuwa kitu kilichokosekana bomani kimepatikana nyumbani kwake.

"Yupo," alisema. "Ni mjukuu wangu."

Hakukuuliza kwanza. Jioni ulikuja, ukaamkia, ukaketi mkekani kwa adabu yako yote.

"Babu, mimi nazijua njia za nyuki," ulisema. "Njia za watu wanaowindwa sizijui, wala sitaki kuzijua."

"Neno langu limekwisha kutoka mbele za watu," babu yako alijibu.

Ulikwenda kunoa shoka. Mwantum alikuwa na mimba ya miezi minne, na asubuhi alikusindikiza hadi kwenye kijito. Babu yako alibaki barazani, akipokea pongezi.

Habari iliyorudi kutoka bomani ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kiongozi wa njia, Athuman, aliuawa katika mapambano, akiwa anawapigia waasi ishara. Hivyo tu. Katika nchi ndogo habari kama hiyo hufika kila jiko kabla ya chakula kuiva. Majirani wawili waliihamisha mizinga yao iliyokuwa karibu na yako. Mtu mmoja, kwa wema wake, alishauri kwamba mtoto atakayezaliwa apewe alama nyingine ya mizinga, asije akabeba fedheha ya baba yake. Babu yako alimwonyesha mlango.

Siku chache baada ya sikukuu ya kuchinja, Abbasi alikuja. Alikuwa amemaliza muda wake wa kazi, hana sare wala bunduki, na amelifunga shoka lako katika kipande cha kaniki. Alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakataa maji mpaka amalize alilolijia. Mwantum alikaa nyuma ya pazia, mtoto mchanga mapajani.

Alisimulia kwamba siku ya nne ndani ya msitu uliuona mzinga ukauteremsha. Ulikuwa umekombwa wote, hata masega yenye majana, yale ambayo mrina hayagusi kwa kuwa ni watoto wa nyuki. Shaushi alifurahi, akasema kuwa adui yuko karibu. Wewe ukamwambia kwamba aliyefika hapa si mpiganaji, ni mtu mwenye watoto wanaolia njaa, maana hakuna mrina anayekula majana akiwa na kitu kingine cha kula.

"Yule shaushi alimwita mla nta," Abbasi alisema. "Alimuuliza kama nyuki ndio waliomwapisha kazi. Mjukuu wako akamjibu kuwa nyuki wana amri moja tu, na kila mmoja wao anaijua. Hata askari wa jeshi walicheka, babu."

Shaushi alitaka kuwazunguka watu wale na kuwapiga risasi. Abbasi alimsihi, naye akakubali kwa shingo upande: wewe uingie peke yako, uwatoe kabla ya jua kufika utosini. Ukaacha hata kisu, ukabaki na shoka la kugongea tu. Ulipofika kwenye miti ya kwanza ulifanya kama ulivyofundishwa na babu yako ulipokuwa na miaka saba. Mrina asali haingii msitu wa mwenzake kama mwizi. Hupiga shina mara tatu kwa mgongo wa shoka, kisha hungoja. Mwenye msitu akimkubali, hupiga mara mbili.

Walikujibu. Ukaingia, ukatoka na watu thelathini na saba, wengi wao wanawake na watoto, na wanaume tisa walioitupa mikuki yao njiani. Mwanamke mmoja alikuwa bado ameshika sega la majana. Abbasi aliwaketisha kivulini akawapa maji, na hakuna aliyeguswa.

Kisha yule mwanamke akasema kwamba baba yake amebaki ndani, hawezi kutembea. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Uligeuka ukarudi.

Kisha Abbasi akaeleza kwamba shaushi alikuwa ameweka askari wengine ng'ambo ya bonde, na hao hawakupelekewa habari ya makubaliano. Polisi hawakuwa na amri ya kuwatuma watu wa jeshi, na shaushi hakuona haja. Askari wale walikuwa wamefundishwa kusini kwamba mlio wa mti unaogongwa ni ishara ya waasi ya kushambulia.

"Mara ya kwanza walikuwa hawajafika mahali pao, ndiyo maana hawakusikia," alisema. "Alipofika tena kwenye ile miti, nilidhani atapita tu. Alikwisha kuingia, babu, alikwisha kukubaliwa, watu wale walikuwa wakimwita ndugu. Asingegonga mara ya pili, leo angekuwa ameketi hapa."

Babu yako alitazama shoka lililokuwa juu ya mkeka. Yeye ndiye aliyekufundisha kwamba kila kuingia kuna kugonga kwake, na kwamba ruhusa ya asubuhi haitoshi kwa adhuhuri. Alikuchapa mara moja kwa kulisahau hilo.

"Aligonga mara ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Akangoja?"

"Akangoja," Abbasi alisema. "Nilisikia mle ndani mtu akijibu kwa udhaifu, mara mbili. Ndipo wale wa ng'ambo ya bonde walipopiga bunduki."

Basi ulikuwa umekubaliwa, Athuman. Babu yako alilishika hilo na hajaliachia. Abbasi na wapagazi wawili walikuosha, wakakuzika chini ya mninga, ukielekea kibla, na mzee yule, aliyebebwa kutoka msituni siku hiyohiyo, alikaa kando ya kaburi mpaka udongo wa mwisho. Abbasi alichonga juu ya mninga mikato miwili na mstari chini yake. Alipotakiwa aseme mbele ya mkubwa wake kuwa ulikuwa ukiwapigia waasi ishara, alikataa, akavuliwa cheo chake. Nyumba hii inamtaja kwa heshima.

Yaliyoandikwa hapa babu yako aliyasema kwanza barazani, kwa sauti, na Abbasi akiwa ameketi karibu naye. Majirani wale wawili wameirudisha mizinga yao. Akasema pia jambo ambalo hakuna aliyemtaka aliseme: kwamba alikutoa kwa majivuno, bila kukuuliza, na ulipomwambia ukweli alilitunza neno lake kuliko alivyokutunza wewe. Mtu aliyeamua mashauri ya wenzake kwa miaka thelathini hana budi kuamua na lake. Anakuomba radhi.

Mwanao amezaliwa mzima, ameitwa Hasani. Mzinga wake wa kwanza umekwisha kuchongwa na kuchorwa alama yako, nao unamngoja. Mwantum hulipaka shoka lako mafuta kila Ijumaa. Bibi yako, alipompokea mtoto mikononi, alimwita mume wake, kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu ulipoanguka.

Wanaokukumbuka ni babu yako Halfani bin Msafiri, bibi yako Kuluthumu, mkeo Mwantum, mwanao Hasani, na Abbasi, ambaye sasa huketi katika nyumba hii kama aliyezaliwa humo. Maadamu nyuki wanaingia katika mizinga yenye alama hii, jina lako halitakosekana midomoni mwao.

Na sasa ninyi vijana, sikieni. Wako miongoni mwenu walioanza kuingia misituni kimya, wakisema kwamba kugonga kulimwua Athuman. Kugonga kuliwatoa watu thelathini na wanane wakiwa hai. Kilichomwua ni neno la mzee lililotolewa bila kuuliza, na amri isiyofikishwa kwa wenye bunduki. Msiisingizie desturi njema makosa ya wakubwa wenu. Mkifika kwenye miti ya mwenzenu, gongeni. Hata kama mligonga asubuhi, gongeni tena. Kisha ngojeni.